Thamani za Ndani

Jumatatu, 2 Oktoba
Daftari hili nimepewa na Miwani, mwalimu wetu wa kipaimara. Kila mwanafunzi kapewa lake. Kasema tuandike humo yale tunayoogopa kumwambia Mungu kwa mdomo. Nikamuuliza, "Mwalimu, sasa mimi nisiyeogopa kitu nitaandika nini?" Akasema, "Basi andika hivyo."
Haya. Siogopi kitu. Nimeandika.

Jumanne, 3 Oktoba
Kurasa ni nyingi na sifa zangu ni nyingi, kwa hiyo nianze. Shule niliishia darasa la sita, ila kwa akili nimefika mbali. Wananiita Randa. Randa ni kile chombo cha kulainishia mbao. Wanasema nikifungua mdomo lazima mtu abanduke ganda. Nina miaka kumi na sita na nafanya kazi kwenye karakana ya Baba Mdogo, fundi seremala. Baba Mdogo ni mume wa Mama Mdogo, na Mama Mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu. Mama alifariki akinizaa. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza duniani niliiharibu. Tangu hapo sijaharibu nyingine.

Alhamisi, 5 Oktoba
Leo nimeandika kibao cha karakana. Herufi nene, nyekundu, kivuli cheusi kwa chini. Hata Baba Mdogo hawezi. TUNATENGENEZA THAMANI ZA NDANI.
Kinyozi wa mlango wa pili akatoka na mashine mkononi, kamwacha mteja kanyolewa nusu kichwa.
"Wewe Randa! Vitanda na makabati ni samani. SA-MA-NI. Thamani ni ule uzito wa kitu, ule ubora wake. Sasa humo ndani mnatengeneza nini, figo?"
Mpaka yule wa nusu kichwa akacheka. Mtu wa nusu kichwa, ananicheka mimi.
Baba Mdogo alikitazama kibao muda mrefu. Akasema, "Mawingu hayo yamekuja. Rangi mpya haitakauka. Kiache mpaka mvua zikatike." Maana yake msimu mzima aibu yangu itaning'inia pale, nyekundu, na kivuli kwa chini.

Jumanne, 10 Oktoba
Mvua imeanza. Kanisa lilituagiza mabenchi kumi na mawili, sita yamekwisha. Baba Mdogo kaniachia manne niyafanye mwenyewe, tangu msumeno hadi vanishi. Manne! Kinyozi hata nywele za ukoo wake hakabidhiwi.
Leo pia Baba Mdogo kashusha darini kitanda kidogo cha mtoto. Kimepinda, fito zimekwenda upande kama meno ya mlevi. Nikasema, "Takataka hii kaitengeneza nani?" Akasema, "Mtu mwenye haraka." Nikataka kukinyoosha, akanikataza. Cha mtoto anayekuja, kasema, kibaki hivyo hivyo.

Jumatano, 11 Oktoba
Leo hakuna kilichotokea.

Alhamisi, 12 Oktoba
Jana kuna kilichotokea.
Nieleze vizuri, maana Mungu sijui kama aliwahi kusomea useremala. (Nimekumbuka. Alisomea. Samahani.) Mguu wa benchi unachongwa mwisho wake uwe mwembamba; hapo panaitwa ulimi. Ulimi unaingia kwenye tundu la ubao wa kukalia. Ukilijaza tundu lote, hata tembo akae. Ukiwa mfupi, benchi linasimama kwa heshima tu.
Benchi la saba, mguu wa kulia mbele, nilisoma futi vibaya nikaukata ulimi mfupi. Umepungua vidole viwili vizima. Mimi mwenye ulimi mrefu kuliko wote mtaani. Baba Mdogo alikuwa kaenda kutafuta mbao na ubao wa kipimo kile ulikuwa umebaki ule mmoja. Nikachanganya vumbi la mbao na gundi, nikashindilia tundu, nikaugonga mguu, nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara tatu. Linang'aa kuliko yote.
Baba Mdogo alipolipitia alinigonga begani. "Hili nalo ni la mikono yako? Safi."
Hapo ndipo ningesema. Nikasema, "Mikono ya dhahabu hii, Baba Mdogo."

Ijumaa, 13 Oktoba
Kwa nini sikusema. Nimejiuliza nikifagia.
Mama Mdogo ana mimba. Miaka kumi na minane ya ndoa hawakupata mtoto, sasa tumbo linatangulia mlangoni yeye anafuata. Wiki iliyopita Kinyozi alimwambia Baba Mdogo, mimi nikiwa nyuma ya kabati, "Hongera jirani. Sasa mnapata wenu." Wenu. Neno dogo, lakini limenikaa kama kibanzi chini ya ukucha.
Kila asubuhi Baba Mdogo anainama kwenye lile tumbo, anasema, "Habari za asubuhi, mheshimiwa? Umelala salama?" Kisha ananigeukia mimi: "Umefagia?"
Huyo mheshimiwa hajawahi kushika hata msumari. Mimi hapa nakaa kwa kazi. Siku mikono yangu itakapoonekana mibovu, nitabaki na nini cha kunikalisha?
Nimeweka mashati mawili kwenye mfuko, chini ya kitanda. Si kwamba naogopa. Ni maandalizi.

Jumapili, 15 Oktoba
Mabenchi yameingia kanisani, Mchungaji kayaombea. Kasema, "Mikono iliyoyatengeneza ibarikiwe." Watu wote wakasema amina. Mikono yangu niliificha mifukoni.
Kwenye benchi la saba kakaa Besi, yule anayeimba sauti ya chini kwenye kwaya. Ni mtu wa kilo zake. Kila akivuta pumzi kwa ajili ya kiitikio nilisikia kitu kikilia: nyee. Huenda ilikuwa Besi mwenyewe.

Jumanne, 17 Oktoba
Darasani Miwani kafundisha kwamba Mungu anatupenda bila sababu. Nikanyoosha kidole.
"Mwalimu, bila sababu kabisa?"
"Kabisa."
"Basi hiyo ndiyo inayotisha. Kitu kilichokuja bila sababu si kinaweza kuondoka bila sababu?"
Darasa likacheka. Miwani hakucheka. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kasema, "Hilo sina jibu lake leo." Nimemshinda mwalimu. Nilitegemea nitafurahi.

Jumapili, 22 Oktoba
Besi tena. Nyee. Nimeomba ibada iwe fupi. Mchungaji kahubiri mara mbili ya kawaida.

Jumanne, 24 Oktoba
Mvua. Umefagia? Nimefagia.

Jumapili, 29 Oktoba
Bati la kanisa limetoboka. Tone moja, halafu jingine, linadondokea wapi? Kanisa zima lina mabenchi mangapi? Lakini tone limechagua benchi la saba, upande wa kulia, mbele. Gundi yetu ile ni adui wa maji. Nilitazama tone na tone mpaka mwenzangu kaniuliza kama naona maono.
Baada ya ibada nimeweka ndoo pale. Mzee wa kanisa kasema, "Kijana huyu ana moyo wa utumishi."

Jumapili, 5 Novemba
Wamekaa watoto wawili pale. Watoto! Nikaenda kuwahamisha, nikawaambia benchi lile ni la wakubwa. Mama yao kaniita mjeuri. Sawa. Kisha kaja Besi na mkewe. Nyee. Nyee.
Nimegundua jambo: sijamsikia Mchungaji hata neno moja mwezi mzima. Macho yangu yako kwenye mguu mmoja wa mti.

Jumatano, 8 Novemba
Mvua siku tano mfululizo. Milango yote mtaani imevimba, haifungiki. Mbao zinakunywa maji. Baba Mdogo kasema, "Mvua ni mkaguzi. Kazi ya kweli na kazi ya uongo, zote inazijua." Alikuwa anazungumzia kabati la mtu mwingine. Msumari umeniponyoka mkononi.

Jumapili, 12 Novemba
Leo nilitaka kusema. Nilijipanga njia nzima tukirudi: Baba Mdogo, kuna kitu. Ni maneno manne tu. Tukafika mlangoni nikasema, "Baba Mdogo, kuna kitu."
"Kitu gani?"
Mama Mdogo akashika tumbo, akacheka, akasema, "Njoo uone anavyopiga teke!" Baba Mdogo akakimbia kama mtoto. Nikabaki na kitu changu mlangoni.

Jumapili, 19 Novemba
Naandika mchana huu huu, nywele bado mbichi kwa mvua. Nataka niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.
Mama Mdogo siku zote hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu mimba inamtoatoa nje. Leo mvua imeingia kwa mlango, nyuma kote maji. Tulikuwa wimbo wa pili. Nikamwona mzee wa kanisa kamshika mkono, anampeleka mbele taratibu, anatafuta nafasi. Benchi la tano limejaa. La sita limejaa. La saba, Besi kajisogeza kwa adabu, kaacha nafasi ile ya mwisho, kulia. Juu ya ule mguu.
Watu wakiniuliza nitasema niliamua, maana mimi ni shujaa. Lakini daftari lijue: sikuamua kitu. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilikuwa naona anaanguka kabla hajakaa. Nilimwona mama ambaye sikuwahi kumwona, na nikawaza, wa pili huyu.
"Mama, usikae!"
Wimbo ukakatika. Besi kaendelea peke yake neno moja zaidi, kisha naye kanyamaza. Mama Mdogo kasimama, mkono mmoja kiunoni, ananitazama.
"Benchi ni bovu," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Nililikata mimi. Ulimi ni mfupi. Nikaficha kwa gundi."
Besi kainuka kwa kasi ambayo hakuna aliyejua anayo. Nikapindua benchi, nikashika mguu kwa mkono mmoja, nikavuta. Ukatoka kama jino la utoto. Hata sauti haukutoa. Lile vumbi la gundi likadondoka sakafuni, laini, limelowa.
Baba Mdogo kaja kutoka upande wa pili. Kauchukua mguu, kapima upungufu wa ule ulimi kwa vidole vyake.
"Viwili," kasema. Kisha, "Shika upande ule."
Tukalibeba benchi, yeye mbele mimi nyuma, katika mvua, njia nzima hadi karakana. Hakugeuka. Nimewahi kuogopa mbwa, nimewahi kuogopa radi (nilidanganya ukurasa wa kwanza), lakini sijawahi kuogopa kitu kama ule mgongo.
Tulipolitua nikaingia chumbani, nikatoka na mfuko.
"Huo wa nini?"
"Naondoka kabla hujanifukuza. Nakurahisishia."
"Nani kasema nakufukuza?"
"Si mnapata wenu sasa."
"Maneno ya nani hayo?"
"Ya Kinyozi."
"Kinyozi ananyoa vichwa. Kilichomo ndani ya vichwa hakijui." Kaweka ule mguu mezani. "Nimekasirika, Randa. Usidhani sijakasirika. Mke wangu angeanguka, watoto wa watu wangeanguka. Lakini hasira ni kitu kimoja, kukufukuza ni kitu kingine. Nani alikufundisha kuviunga viwili hivyo kwa gundi?"
Nikauweka mfuko chini.
Mama Mdogo akaingia, kalowa, kaketi kwenye kigoda. (Cha Baba Mdogo. Nilikikagua kwa macho.)
"Huyu aliye tumboni," kasema, "umewahi kumwona akipiga msasa?"
"Hapana."
"Kaniletea hata kikombe cha maji?"
"Anakupiga mateke tu."
"Na baba yako anamwamkia kila asubuhi."
"Naona," nikasema. "Naona sana."
"Basi ndivyo ulivyokuja wewe. Ulikuwa na siku tisa. Kazi yako ilikuwa kulia na kuchafua nguo, na zote mbili ulizifanya kwa bidii. Hicho kitanda unachokiita takataka, unadhani kilitengenezwa kwa ajili ya nani?"
Nikamtazama Baba Mdogo. Katazama dirishani.
"Nilipata habari asubuhi kwamba unaletwa jioni," kasema. "Mtu mwenye haraka hakati fito sawa."
Nikamgeukia Mama Mdogo, likanitoka lile nililolifanyia utani ukurasa wa kwanza. "Lakini mimi nilimuua dada yako."
Mvua juu ya bati. Nikadhani sasa ndiyo basi. Mama Mdogo kanivuta mkono mpaka nikapiga magoti.
"Wewe ulizaliwa. Haikuwa kazi uliyopewa ukaiharibu. Dada yangu alikufa, nilimlia, bado namlia. Na siku hiyo hiyo niliyomlia nilikupenda. Unataka sababu? Sina. Nimeitafuta sijaiona."
Nikamwambia basi lile swali langu kwa Miwani, kwamba kisicho na sababu kinaweza kuondoka bila sababu. Kacheka huku machozi yanamtoka.
"Umeligeuza kichwa chini, mwanangu. Chenye sababu ndicho cha kuogopa. Sababu ikichakaa, nacho kinaondoka. Kisicho na sababu kitaishiwa na nini? Na usidhani tulianza sisi. Tumepewa hivyo hivyo. Kristo hakungoja tunyooke ndipo atufie. Alitukuta tumepinda."
Baba Mdogo kakohoa. "Fungua huo mfuko. Kesho utayageuza mabenchi yote, unionyeshe kila ulimi. Na unapowaomba radhi watu wa kanisa, usifanye mzaha."
"Hata kidogo?"
"Hata kidogo."
Kisha, akiwa mlangoni: "Umemwita Mama leo. Bila mdogo."
Sikujua kama nilisema hivyo.

Jumatatu, 20 Novemba
Nimegeuza mabenchi kumi na moja. Yote mazima. Nilitamani nikute hata moja la Baba Mdogo lina kasoro. Hakuna. Yule mzee ni balaa.
Watu wa kanisa waliokuwepo nimewaomba radhi, bila mzaha. Mama wa wale watoto kakataa kunisalimia. Nimelistahili hilo. Nimeona pia kwamba sikufa.

Jumanne, 21 Novemba
Nimempelekea Miwani jibu. Kafungua daftari lake mwenyewe, kaandika. Kumbe naye analo. Nimemuuliza ameandika nini kwenye kurasa nyingine. Kasema, "Ninayoyaogopa. Kalamu imeniishia mara mbili."

Jumanne, 28 Novemba
Wamempeleka Mama Mdogo hospitali asubuhi. Baba Mdogo kaenda naye, mimi nimeachwa karakana, kwa sababu chumba cha kungojea ni kidogo na mimi ni mkubwa wa mdomo.
Hakuna habari saa tatu. Hakuna saa tano. Nimefagia mara nne. Kinyozi kaja kukaa na mimi, hakusema utani wowote, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Karibu saa sita kasema, taratibu, "Randa, lile neno langu. Lilikuwa la kijinga." Nikamwambia yako mengi, ataje lipi. Kisha nikaenda nyuma ya mbao, nikaomba. Nimeiandika jinsi ilivyotoka:
Bwana, sina kitu cha kukupa ili umrudishe. Kazi yangu unaijua, uliitazama ikitoka kama jino. Naogopa. Sijui utafanya nini. Umesema unanipenda hivi hivi, basi nisikilize hivi hivi. Amina.
Hofu haikuondoka. Ila nilikuwa na wa kukaa naye humo.
Saa tisa Baba Mdogo katokea mvuani bila mwavuli, bila kiatu kimoja. Mama mzima. Mtoto mzima. Wa kike. Kaniinua juu, mimi na kilo zangu zote, akasema, "Umepata mdogo wako!" Wako. Kinyozi kalia kuliko sisi.

Jumamosi, 2 Desemba
Mheshimiwa analala kwenye kitanda kilichopinda. Hana kazi. Analia. Sijui kwa nini siwezi kutoka pale.

Jumatano, 6 Desemba
Mvua zimekatika. Jua limekausha kibao, Baba Mdogo kanipa brashi. "Haya. Futa TH, weka S."
Nimepanda, nimefuta. SAMANI ZA NDANI. Kinyozi kapiga makofi, kasema sasa figo zitakosa fundi.
Kisha tukamalizia benchi la saba. Mguu mpya nimeukata mimi. Nilipima kwa futi mara sita, maana bado naogopa; nisidanganye mwisho wa daftari kama nilivyodanganya mwanzo. "Siogopi kitu" nimeikata kwa mstari mmoja mwembamba, ili isomeke bado.
Kabla ya kuugonga, nilichukua penseli nikaandika kwenye ulimi wenyewe, pale ambapo pakishaingia tunduni hapaonekani na mtu tena: thamani.
Baba Mdogo kainama, kasoma.
"Hiyo TH ni ya makusudi?"
"Ya makusudi."
Kanipa nyundo. "Basi gonga."
Nikagonga. Ulimi ukaingia wote.